Ukurasa Mmoja wa Lisbon

Jumatatu, 15 Aprili 1996
Kazini tangu saa mbili, ingawa mtihani wangu wa chuo ni mwezi ujao. Theluji tena, Aprili hii, sijui Marekani hii ni nchi gani. Nimewakatia tiketi wazee wanne wa Maple Grove wanaokwenda Roma. Kisha Carol, bosi wangu, kaniomba ukurasa mmoja wa kuwaelezea wateja mji wa Lisbon: historia, pa kutembea, pa kula. Kanichagua mimi kwa kuwa kaka yangu Nasoro yuko huko, kazi ya ujenzi. Nikajidai kidogo. Nikamwambia sisi Mombasa tuliwajua Wareno kabla ya Marekani kuwako. Hakucheka.

Jioni nimetoa barua zote za Nasoro. Ya kwanza, ya 1994, kaandika mwenyewe na kunitumia huku moja kwa moja. Zilizofuata ni nakala. Siku hizi huandika barua moja ya nyumba nzima, na mdogo wetu Zuhura hunakili yangu na kunitumia kutoka Mombasa. Kwetu barua ya mmoja ni ya wote.

Jumatano, 17 Aprili
Ukurasa umekwisha. Nimeupenda. Mji wa vilima saba. Ngome juu, mto Tejo chini. Tetemeko la 1755 liliubomoa, wakaujenga upya kwa mitaa iliyonyooka. Tramu zinapanda vichochoroni. Mengine yote ni ya Nasoro: Jumamosi huenda kulitazama Daraja la Salazar, kisha hupita Chiado na kunywa kahawa katika duka moja kubwa la ghorofa. Anaeleza vizuri kweli. Huyu ambaye shuleni insha ya ng'ombe ilimshinda! Ughaibuni kumemnoa.

Ijumaa, 19 Aprili
Aibu. Mteja mmoja wa Apple Valley, Dorothy, mwalimu mstaafu, aliwahi kuishi Lisbon. Carol kampa ukurasa wangu ausome. Kasoma mpaka mwisho, kavua miwani. Daraja lilibadilishwa jina baada ya mapinduzi ya 1974. Duka lile liliteketea kwa moto 1988. Alisema kwa upole, ndiyo ikauma zaidi.

Nasoro alifika 1994. Kahawa gani hiyo, kwenye duka lililoungua?

Mwongo. Labda hayuko Lisbon kabisa. Yuko wapi? Jela?

Baadaye. Nimekumbuka kijitabu. Baba alikuja nacho zamani, alipokuwa baharia wa meli za mizigo. Jalada jekundu, Kiingereza, picha za Lisbon. Daraja liko humo, kwa jina la Salazar. Ukurasa wake una doa la chai, mimi ndiye niliyemwaga. Nimetoa picha aliyonitumia Zuhura wakati wa Idi iliyopita. Kijitabu kiko nyuma yake, kwenye kabati la sebuleni.

Basi anayeandika barua yuko Mombasa. Sielewi. Sitaki kuelewa.

Jumamosi, 20 Aprili
Nimenunua kadi ya simu, nimepiga nyumbani asubuhi. Kapokea Zuhura. Nikamwambia anipe namba ya Nasoro. Kisha Baba kachukua simu.

"Mwanaisha, maliza mtihani kwanza, mwanangu. Halafu tutazungumza."

Nikajua pale pale. Maneno hayo nayajua. Shangazi alipofariki, mwanawe Ali alikuwa anasoma Odessa. Baba akaamua asiambiwe mpaka amalize mtihani, asije akaharibikiwa na masomo peke yake ugenini. Mimi ndiye niliyemwandikia. "Mama hajambo, anakusalimu sana." Miezi mitano. Nilisifiwa kwa mwandiko mzuri.

Nikasema, Nasoro amekufa. Baba hakukana. Alilia. Sijawahi kumsikia Baba akilia.

Alianguka kutoka ghorofa waliyokuwa wakijenga. Novemba 1994. Kazikwa huko huko. Hitima imesomwa, arubaini imepita, mwaka umepita. Mimi nampelekea salamu za Idi.

Njeri, ninayekaa naye hapa Coon Rapids, kanikuta mlangoni na funguo za gari. Sijui nilikuwa naenda wapi. "Zii, huwezi ku-drive hivyo. Leta keys." Nikampa. Akanivua viatu kama mtoto.

Jumapili, 21 Aprili
Silii. Nawachukia wote. Siwachukii. Zuhura ana miaka kumi na saba, na kaandika barua tisa za maiti. Wamempa kazi yangu.

Jumatatu, 22 Aprili
Sikwenda kazini. Nimemfikiria Ali. Aliporudi kutoka Odessa alinirudishia barua zangu zote, zimefungwa kwa uzi. Nilidhani ananishukuru. Mjinga mimi. Leo nimemwandikia. Nimemwomba radhi, sikuongeza kitu.

Jumatano, 24 Aprili
Theluji imeyeyuka. Nimerudi kazini, nimeuandika upya ukurasa wa Lisbon. Daraja nimelipa jina lake la sasa. Duka nimelifuta. Ngome, mto na tetemeko vimebaki.

Kisha nimefungua barua ya kwanza, ile ya mkono wake. Mwandiko wa kuku. Mistari mitatu tu: "Dada, mji huu ni kupanda tu. Magoti yamekwisha. Ukija, vaa raba." Nimeiweka mwisho wa ukurasa. Wageni wavae raba, mji huu ni kupanda tu.

Carol kausoma. Kasema ni mzuri, ila mstari wa mwisho ni wa kitoto, ataukata. Nikamwambia akate popote anapotaka, huo asiuguse. Akaniangalia. Akaupeleka kuchapwa kama ulivyo.