Mkwe Kahamia Kadi Mpya

Jumatatu, 3 Machi

Mkwe kaganda tena. Usiku huu kasema "Baba, dawa ya—" akaishia hapo. Nimechomoa waya, nimechomeka. Taa nyekundu, taa ya kijani, kimya.

Niandike, nikizeeka nisije nikauliza Mkwe ni nani. Mkwe ni kompyuta. Kidude tu, kama pakiti ya karata, kiko juu ya kabati la sebuleni. Hakina kioo wala kibodi, kina spika. Aliyekuwa mume wangu alimtengenezea Baba, akarekodi kwa sauti yake mwenyewe. Asubuhi: Baba, kumekucha, dawa kisanduku cha kwanza. Mchana: kisanduku cha pili. Usiku: kisanduku cha tatu, funga mlango, ulale salama. Ndoa ikafa, mwenyewe akaondoka na masanduku yake, sauti akaniachia! Kila usiku mtu niliyeachana naye ananiambia nilale salama. Baba ndiye aliyeiita Mkwe. Anampenda mpaka leo.

Baba anakumbuka zamu zote alizosimamia kiwandani, na nani alichelewa na kwa nini. Dawa ndiyo hakumbuki. Na mimi saa moja natoka kwenda dukani kuchapa na kutoa kopi, narudi saa kumi na moja jioni.

Jioni Dada kapiga simu. Jumamosi anakuja na gari. Akiona Baba hawezi kubaki peke yake mchana, anamchukua kwake. Kwake ni safari ya siku nzima. "Mdogo wangu, umechoka, sauti yako tu inasema."

Nimechoka, ndiyo. Sijamchoka Baba.

Jumanne, 4 Machi

Nimempitisha Mkwe kwa fundi simu jirani na duka. Kamwangalia kama daktari mwenye habari mbaya. Kasema Linux iliyomo, yaani programu inayomwendesha Mkwe, ni ya zamani, waliokuwa wakiitunza wameshaitupa mkono, na kadi yake ya kumbukumbu imechakaa. Nunua kadi mpya, weka Linux nyingine, nyepesi, kisha hamisha sauti na ratiba. Nikamuuliza kwani ziko ngapi. Akacheka. Zote Linux, ila kila moja na ukoo wake.

Linux mpya nikaishusha mtandaoni hapo dukani, wateja wakinisubiri. Mama mwenye duka kanuna mpaka jioni.

Nyumbani nimemkuta Baba kwenye kiti, glasi ya maji mkononi, maji yamejaa. Anasubiri aambiwe. Tangu saa nane! Dawa ya mchana hajanywa. "Mkwe hajasema," kaniambia, taratibu, kama mtu anayemtetea mwenzake.

Nimekwenda jikoni nikalia kidogo. Kisha nikapika.

Jumatano, 5 Machi

Mkwe amefufuka! Kwanza Linux mpya ilikataa kuwaka kwa sababu ya chaja dhaifu. Nikaazima chaja ya jirani. Ikawaka, nikaiunganisha na simu yangu iwe kioo na kibodi, sauti hakuna. Kumbe sauti inapelekwa kwenye waya wa televisheni, na televisheni yenyewe sikuichomeka. Nikairudisha kwenye spika. Ikaniuliza lugha. Ikaniuliza nywila, halafu nywila tena, utadhani polisi. Ikaniuliza niko wapi duniani. Nikajibu. Swali pekee la leo nililolijua.

Nikahamisha sauti na ratiba kama zilivyo, sikugusa nukta. Nikajaribu: "Baba, kumekucha!" Baba kapiga makofi usiku huo, tayari kavaa nguo za kulalia. "Karibu tena, mkwe wangu."

Mgongo wangu si wangu. Nalala.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Alfajiri nimetoka kufungua mlango — uko wazi. Baba yuko barazani. Amevaa shati la kola, viatu kafunga kamba. Mikono baridi kama samaki. Amekaa hapo tangu lini, hajui. "Mkwe kaniamsha," anasema. Kisanduku cha kwanza kitupu, dawa kanywa. Mimi nikilala ni gogo, na chumba changu kiko nyuma, sikusikia kitu. Nikadhani kaota. Nikamfunika blanketi, nikampa chai, nikaenda kazini roho juu.

Jioni mlango umefungwa kwa komeo kutoka ndani. Nimegonga, nimeita, jirani akatoka, tukagonga wote. Mwisho jirani kapitisha mkono dirishani akafungua. Baba kitandani, nguo za kulalia, shuka mpaka kidevuni, anakoroma! Jua bado kali nje. Kisanduku cha tatu kitupu.

Jirani ya alfajiri nilishamsimulia wakati tunagonga, na ya jioni kajionea mwenyewe. Na simu anayo, na namba ya Dada anayo. Sikumaliza hata kuvua viatu, Dada huyo kwenye simu. Baba anatoka nje usiku? Analala mchana mlango umekomewa? Ukiwaka moto? Nikasema ni uchovu tu. "Uchovu wa nani?" kaniuliza.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Akili ya Baba inaondoka, na mimi nimekazana na kadi na chaja.

Saa mbili usiku imepita, Mkwe naye kimya. Hata hilo limenishinda. Nimefunga mlango kwa ufunguo, nao uko chini ya mto wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Si Baba. Si Baba!

Niandike polepole. Asubuhi nimemkuta kakaa mbele ya mlango uliofungwa, kiti kakivuta mwenyewe, viatu miguuni, ananisubiri nimfungulie siku.  Nimempigia mama mwenye duka, nimesema siji. Kasema maneno yake, nimeyapokea.

Tumekaa wawili tunakunywa chai. Saa mbili juu ya alama, Mkwe huyo juu ya kabati: "Baba, dawa ya mchana. Kisanduku cha pili." Mchana? Chai bado inatoa moshi! Baba keshanyoosha mkono kwenye kisanduku. Nikamshika.

"Na usiku alikwambiaje?"

"Kumekucha."

"Baba, si kulikuwa na giza?"

Kaangalia kikombe chake. "Niliona giza, mama. Nikadhani ni macho yangu."

Mungu wangu. 

Nimepiga moyo konde, nimempigia simu yule bwana. Mara ya kwanza tangu talaka. Kabla hajamaliza salamu nikamwambia mtalaka hatongozwi, sikukupigia kwa hilo, Linux yako imeniua. Nikamweleza. Akacheka! Akauliza nilipoulizwa niko wapi duniani nilijibuje. Nikasema ukweli, si ndipo tulipo? Akacheka tena.

Kumbe hivi. Kompyuta inahesabu siku kuanzia saa sita ya usiku. Baba siku yake inaanza jua likichomoza, saa mbili ni saa mbili ya asubuhi, na ratiba kaiandika Baba mwenyewe kwa mkono wake: 2, 8 na 14. Badala ya kubishana na mzee, yule bwana kaiongopea mashine: kaiambia iko upande wa pili wa bahari, ambako saa ziko nyuma kwa sita. Ikasoma saa kama Baba. Miaka yote hiyo! Mimi nikaja na ukweli wangu, ratiba yote ikateleza. Ya asubuhi ikaangukia saa nane usiku. Ya usiku ikaangukia saa nane mchana, na Baba kwa adabu zake akanywa dawa, akakomea mlango, akalala salama kama alivyoambiwa.

Nikamwambia kwamba Baba alikaa nje gizani. Hapo hakucheka. Kauliza kama alikuwa na sweta.

Kanisomea amri ya kuirudisha mashine upande wa pili wa bahari, nimeiandika, nimeshukuru, nimekata simu, nimeigonga. Mstari mmoja tu. Saa nane mchana Mkwe kasema mchana. Saa mbili usiku kasema usiku.  Sauti ya yule bwana imezeeka kidogo kuliko ile ya kwenye kabati.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kaja na gari na begi jipya, kubwa, la Baba. Lebo bado inaning'inia.

Nimemweleza yote: saa, ratiba, upande wa pili wa bahari. Nimeeleza mpaka mate yamenikauka. Dada si mjinga, kaelewa mara moja. Akasema vizuri, basi mashine ndiyo iliyokosea, Baba mzima. Kisha akashusha sauti. "Lakini mdogo wangu, aliona giza kwa macho yake, akatoka kwa sababu kidude kimesema. Kesho kikisema ruka?"

  Ningependa kusema Dada ana roho mbaya, ningepumzika. Hana. Kamletea Baba soksi za sufu, kamkata kucha huku anamtania kwamba anazifuga kwa ajili ya vita.

Baba kasifu begi. Kasifu na nyumba ya Dada. "Nzuri sana. Ila milango yake inajifunga yenyewe." Tukacheka wote watatu, kila mtu na lake.

Mwisho Dada kasema sawa, kesho saa mbili aone mwenyewe. Halafu ataamua. Ataamua yeye! Nimemeza. Begi limeshapangwa, liko mlangoni.

Jumapili, 9 Machi

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya debe la unga.

Tangu saa moja tumekaa sebuleni kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Mapazia yamefungwa, Dada ndiye aliyetaka hivyo, asiyafungue mtu. Funguo za gari mkononi mwake. Baba kiti chake, viatu kafunga. Nilikuwa nimeamka mapema kumkagua Mkwe, saa iko sawa, upande wa pili wa bahari kule kule. 

Saa mbili. "Baba, kumekucha! Dawa kisanduku cha kwanza."

Baba kanyanyuka. Hakwenda kwenye kisanduku. Kapita mbele ya Dada, mbele yangu, pole pole mpaka dirishani. Kavuta pazia. Kasimama hapo, jua lote usoni, kaangalia barabara, kaangalia juu. Sikumfundisha. Naapa sikumfundisha, wala sikumwambia neno juu ya giza tangu Ijumaa.

"Haya, mkwe wangu," kasema. "Leo tumepatana."

Ndipo akarudi, akafungua kisanduku, akameza dawa, akakaa. Kisha katutazama sote wawili. "Na mimi nani ataniuliza?"

  Siku zote hizi nimeuliza fundi, nimeuliza jirani, nimempigia hadi mtalaka wangu! Nikasema nateleka chai, nikakimbilia huku. Mwoga mimi.

Maji yanaanza kuimba. Kule sebuleni Baba anazungumza, sauti ya chini, ile yake ya kupanga zamu, siyasikii maneno. Dada anaitikia "ndiyo Baba". Tena "ndiyo Baba". 

Nasikia zipu ya begi. Inafungwa au inafunguliwa, kwa sikio huwezi kujua.