Mbegu za Homoni na Kuku wa Mama Mkwe

Shoga, uko? Nimefumaniwa. Si na mwanamume, ni na kuku.

Unazijua zile mbegu za maboga na ufuta anazonikaangia mama mkwe kila asubuhi, eti zisawazishe homoni nishike mimba? Nilizichoka. Nikawa nawamwagia kuku wake nyuma ya jiko.

Leo kaniona. Kibakuli mkononi, kuku wamenizunguka kama nimewaitia mkutano.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisubiri tukae mezani na mume wangu, akaniambia polepole: "Kumbe ndiyo maana wanataga hivi. Dawa inafanya kazi, mwanangu. Kuku wameipokea. Wewe mwili wako una nini?"

Kuku, shoga! Nimelinganishwa na kuku, na kuku wameshinda.

Mwaka mzima napimwa mimi, nachomwa sindano mimi. Daktari kasema sina tatizo, nimlete mume naye apimwe. Mume anasema wiki ijayo. Kila wiki ni ijayo.

Nikamgeukia anitetee, hata kwa neno moja tu.

Hakuinua kichwa. Alikuwa anakula mayai.