Alama ya Kuuliza Uliyoiondoa kwa Neno Langu

Mpendwa mkwe wangu Kendi,

Salaam aleikum. Naandika kwenye meza ileile ya Kiwanjani, upande uliokuwa wako, kwa sababu upande wangu hauna mwanga wa kutosha kwa macho niliyobaki nayo. Moyo umechoka. Daktari alinieleza kwa kuzunguka, na mimi nimefundisha hisabati miaka mingi; mtu anayezunguka jibu namtambua. Kwa hiyo mimi sitazunguka. Nilikuonea wivu, Kendi, na kwa wivu huo nilikutendea ubaya ambao hadi leo unadhani ni kosa lako.

Nimeomba barua hii isomwe pia kwenye kibanda cha chama kule Gotu, mbele ya wafugaji. Sababu utaiona.

Unakumbuka siku mwanangu Galgalo alipokuleta kutoka Meru? Wanawake walikuwa wanakungoja jikoni. Wewe ulipita sebuleni, ukaona kompyuta yangu imefunguliwa, ukasimama na mkoba begani.

"Nani anaandika Java hapa?"

"Mimi."

Ulishika mdomo kuzuia kicheko. "Baba yangu alipostaafu alinunua ng'ombe wa maziwa. Kumbe wengine hununua hii!"

Nilicheka pia. Siku hiyo nilifurahi kwa kweli. Nilikuwa nimejifunza Java, lugha ya kompyuta, peke yangu kwa vitabu baada ya kuacha chaki, na nilikuwa nimetengenezea chama chetu cha wafugaji programu ya simu: kila mtu anaorodhesha mifugo yake, alama za masikio na chanjo, ili mnyama akipotea atambulike popote atakapoonekana. Sokoni waliniita Mwalimu wa Simu. Hakuna aliyejua kazi hiyo ila mimi, na mtu asiye na wa kulinganishwa naye hulala usingizi mzuri.

Kisha ukakaa kwenye meza yangu. Programu ilikuwa imeanza kuzeeka, simu mpya zinaikataa, na wewe ulijua Kotlin, lugha mpya zaidi. Nilikupa faili moja nikupime. Kazi niliyoiandika kwa ukurasa mzima ukairudisha kwa mistari sita. Niliisoma mara tatu nikitafuta ulichosahau. Hukuwa umesahau kitu. Nilikuambia, "Si mbaya," nikatoka nje kutazama mbuzi ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Baada ya hapo simu yangu ikawa inalia na si mimi ninayetafutwa. "Mwalimu, yule msichana ako hapo?" Kwenye chakula Galgalo alisema "Kendi amefanya hivi, Kendi amefanya vile," na mimi nilikuwa nahesabu ni mara ngapi. Na Mzee Boru, rafiki yangu tangu utoto, unamjua mdomo wake. Aliniuliza mbele ya watu wa chai, "Mwalimu, kijana wako alioa bibi, ama alikuletea mwalimu?" Wote walicheka. Mimi nilicheka zaidi yao, ili wasione.

Lakini kilichonimaliza ni wema wako. Alasiri moja nilikuwa nje ya dirisha na birika la udhu, nikamsikia Galgalo akikuambia, "Si uandike yote upya kwa Kotlin umalize tu?" Ukajibu, "Aa, za Baba zinafanya kazi. Nizitupe kwa nini? Zangu zitakuwa zinaziita." Mtu mwema angekuombea dua. Mimi nilijiona kama fahali mzee anayeachwa bomani kwa huruma, anayepigwa kofi la mgongo na kila mpita njia. Nilimaliza udhu, nikasali, na sala ile sijui ilifika wapi.

Wanaosikiliza huko Gotu wavumilie kidogo, nieleze jambo moja la kazi yetu. Java na Kotlin ni lugha mbili za kuiamuru simu. Zinaweza kukaa katika mradi mmoja, faili zangu huku na zako kule, na zikaitana bila mkalimani. Tofauti yao ni tabia. Java ukimuuliza jina la mwenye ng'ombe, atakupa jina, au atakupa mkono mtupu bila kukuonya. Kotlin hataki kushtukizwa. Hutaka kujua mapema: je, jibu hili laweza kuwa tupu? Likiweza, unaweka alama ya kuuliza, na unaeleza la kufanya mkono ukija mtupu. Akiambiwa kwamba jibu haliwi tupu kamwe, anaamini, na akija kupata utupu baadaye, programu nzima inaanguka hapo hapo. Na anayemwambia ni mwandishi wa Java. Kuna alama ndogo mbili tunazoziweka juu ya kazi yetu. Moja husema "huenda ni tupu". Nyingine husema "kamwe si tupu".

Mimi sikuwa nimeweka yoyote. Kwa hiyo wewe, kwa busara yako, ulipofika kwenye jina la mwenye mnyama uliweka alama yako ya kuuliza.

Na ulikuwa sawa, ingawa hukujua kwa nini. Kwetu Waborana, aliyejaliwa mifugo humpa ndugu au jirani aliyekwama ng'ombe wa kukamua. Tunaita dabare. Maziwa ni ya anayemtunza, ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na mtu mwenye adabu hamuulizi mwenzake mbele ya watu, "Huyu ni wako au ni wa kupewa?" Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yangu, tuliishi kwa wawili wa namna hiyo. Maziwa yao ndiyo yaliyonipeleka shule. Nilipoandika programu yangu nilikumbuka uso wa baba yangu, nikaacha nafasi ya mwenye mnyama iweze kubaki wazi. Sikumwambia mtu. Ilikuwa heshima yangu ya siri kwake.

Wewe ulikulia Meru, nyumba ya ng'ombe mmoja mwenye jina na zizi lake. Usingeweza kujua. Hilo nililijua vizuri.

Siku chache kabla ya kwenda Gotu, baada ya chakula cha mchana, nilifungua faili yangu, na juu ya kazi ya kutafuta jina la mwenye mnyama niliandika: kamwe si tupu. Lilikuwa neno moja.

Ulikuja mezani jioni hiyo ukiwa umekunja uso.

"Baba, hii mashine inaniambia alama yangu ya kuuliza haina kazi. Ni wewe umeweka kitu huku?"

"Ni mimi."

"Kwa hivyo jina la mwenyewe haliwezi kukosa?"

Nikakuangalia machoni. "Ng'ombe bila mwenyewe umemwona wapi?"

Ukacheka. "Kweli. Afadhali wewe unajua ng'ombe."

Ukaiondoa mbele yangu, kwa kidole kimoja. Na nikakuacha.

Unakumbuka Gotu, lakini nataka uikumbuke tena ukijua haya. Ilikuwa siku ya chanjo, watu wa mifugo wamejaa, viongozi wa chama wamekaa kibandani waamue kama programu itachukua kabisa nafasi ya daftari lao. Ulikuwa umevaa leso uliyopewa na mama mkwe wako. Mzee wa kwanza alifungua orodha ya mifugo yake, ikafunguka. Wa pili, sawa. Wakaanza kutabasamu, na mimi moyoni nikaanza kuomba mabaya.

Wa tatu alikuwa Boru. Aligusa, simu ikajifunga. Akagusa tena.

"Sasa hii simu imekufa aje?"

"Lete yangu, Mzee," ukasema. Yako pia ikajifunga. Ya karani ikajifunga. Kila iliyofungua mifugo ya Boru ilianguka, na kijana mmoja akapiga kelele, "Ng'ombe wa Boru wana majini!" Watu wakacheka, wakaanza kuuliza kwa zamu ng'ombe gani, ana nini, ni yupi. Ukawa unawasomea alama za masikio mmoja mmoja kutoka kwenye daftari, hujui unachokifanya, hadi ukafika kwa yule wa mabaka meusi. Boru aliinamisha kichwa akasema polepole, "Huyo si wangu. Ni wa kupewa."

Miaka yote ile hakuna aliyejua kwamba Boru, na mdomo wake wote, aliishi kwa maziwa ya mtu mwingine. Mimi nilijua. Sikumfikiria hata kidogo nilipoandika lile neno. Nilikuwa nakufikiria wewe.

Ulinitazama. Ulikuwa unangoja mwalimu wako aseme kitu. Nikasema kwa sauti ya darasani, wote wasikie: "Nilisema mimi. Lugha mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Kabla hajaja na hii yake, shida hii haikuwepo."

Na wewe ukasimama mbele ya wazee, ukamgeukia Boru kwanza. "Mzee, unisamehe. Ni makosa yangu."

Chama kilirudi kwenye daftari.

Siku tatu ulitafuta kosa. Kompyuta huweka kumbukumbu ya kila badiliko na jina la aliyelifanya. Ungefungua kumbukumbu ya faili zangu ungeniona. Ulifungua zako zote, zangu hukugusa hata moja. Ulikuja ukaniuliza, "Baba, jina linafika kwangu likiwa tupu. Linapotelea wapi?" Nikakujibu, "Linapotelea kwako." Nawe ukaamini, kama lugha yako inavyoamini.

Mlihamia Nakuru. Nilijiambia ni kazi ya Galgalo iliyowapeleka. Idd iliyopita mlikuja, na jirani akaleta simu yake ukamtazamie. Ulirudisha mikono nyuma kama mtoto aliyeungua. "Mimi na hizo vitu tuliachana," ulisema, ukicheka kidogo. "Mimi huharibu vitu vya watu." Nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni. Nilikitafuna mpaka kikaisha ladha.

Usidhani wivu umekufa kwa sababu mimi nakufa. Wiki iliyopita nilifungua faili zako, na kilichoamka kwanza hakikuwa majuto. Kilikuwa kile kile cha zamani: mistari sita, safi, na mimi nikitafuta ulichosahau. Ninazeeka, naoza miguu, na bado ningependa kuwa nimeiandika mimi. Namwomba Mungu anitolee jambo hili kabla hajanitoa mimi.

Boru nilimwambia kwanza. Alikuja kunitazama, akakaa ukingoni mwa kitanda, nikamweleza yote. Aliizungusha chai yake kikombeni.

"Mimi nilidhani ni laana ya mali ya watu," alisema. "Nilimrudisha yule ng'ombe kwa mwenyewe, Mwalimu. Wajukuu wangu walikaa bila maziwa."

Akaweka kikombe chini.

"Umeambia msichana?"

"Bado."

"Sasa mbona umeanza na mimi? Unaogopa msichana kuliko mimi?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni sawa," akasema. "Mimi nitakulaani kidogo halafu nisahau. Yeye hakuna kitu atasahau. Andika. Na isomwe pale pale uliposema uwongo, mimi nikiwa nimekaa."

Ndiyo maana barua hii ni ya wazi. Nilikuhukumu mbele ya watu, siwezi kukuomba radhi mafichoni. Enyi wa Gotu, mkwe wangu Kendi hakuharibu kitu. Lugha zake mbili zilikaa vizuri kabisa katika nyumba moja, hadi mwenye nyumba alipodanganya. Na Boru hakuwa na jini wala laana. Alikuwa na rafiki mbaya.

Kendi, jana nililifuta neno langu. Juu ya kazi ile sasa nimeandika ukweli: huenda ni tupu. Unajua kilichotokea? Papo hapo mstari wako ukawa mwekundu. Lugha yako ilielewa mara moja, ikakataa kuendelea hadi iambiwe la kufanya kwa ng'ombe ambaye jina la mwenyewe halitajwi. Miaka yote hii ilikuwa inangoja kuambiwa tu.

Marekebisho yake ni alama moja ya kuuliza. Kidole changu kilikuwa juu yake. Ningeibonyeza, programu ingefanya kazi tena, na watu wangesema Mwalimu ameitengeneza. Ndiyo, hilo nililiwaza pia. Nikaondoa kidole.

Mstari ule ni wako. Sikuugusa, na nimemwambia Galgalo kwamba baada yangu kompyuta hii asiifungue mtu ila wewe. Karani wa chama ameniambia daftari lao limechanika na wako tayari kujaribu tena, kama ni wewe. Ukija nikiwa hai, sitakaa mezani. Nitakaa huku kitandani, nisikie vidole vyako, na nione wivu wangu kimya kimya. Usipokuja, sitakulaumu. Jua tu kwamba mikono uliyoirudisha nyuma siku ya Idd haijawahi kuharibu kitu cha mtu.

Kaa salama, mwanangu. Mungu akupe waliokuzidi, na akupe moyo wa kuwafurahia.

Ni mimi baba mkwe wako,
ambaye alimjua ng'ombe, na ukweli akauficha.