Abdallah Huyo Ni Nani?

Mwanza, 6 Juni 1937

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Shimba, Bujora.

Shikamoo baba, na mwangaluka kwa nyumba nzima. Mimi sijambo, mafua yamekwisha, nakula vizuri. Mgongo wako waendeleaje? Mama hajambo? Dada Kija? Na yule mbuzi dume mweupe, bado anakula nguo za watu?

Shuleni tunaendelea. Hesabu napata. Kiingereza nakiandika vizuri kuliko kukisema, maana nikiinuliwa nisome koo linakauka. Juzi mwalimu aliniuliza jina la mto, nikalijua, nikanyamaza.

Likizo hii sitaweza kuja. Nimepangwa kumwagilia bustani ya shule. Kuna jambo jingine nilitaka kukuambia, lakini karatasi imekwisha.

Barua hii atakuletea dereva wa lori la pamba la Kanubhai, yule Mhindi mwenye duka. Nisalimie wote.

Ni mimi mwanao,
Idirisa bin Abdallah


Bujora, 19 Juni 1937

Mwanangu Ngosha,

Marahaba. Mgongo unauma asubuhi tu, mchana nausahau. Mama yako mzima. Mbuzi amekula mkeka wa jirani.

Barua yako alinisomea Katekista Privatus wa misheni, yule Mhaya, na hii anaandika yeye, mimi nasema. Alipofika chini akaigeuza karatasi nyuma, akairudisha. Nikamwambia, "Soma, bwana." Akasema, "Mzee, nadhani barua hii si yako." Nikamwambia, "Mgongo ni wangu, mbuzi ni wangu, barua itakuwa ya nani?" Ndipo akalisoma lile jina.

Idirisa namkisia ni nani. Lakini Abdallah huyo ni nani? Hapa Bujora simjui. Kiseke nimeuliza, hawamjui. Ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati ulipougua surua? Na karatasi yako ilikuwa na nafasi ya vidole vinne chini. Privatus amenionyesha.

Kija anaolewa Jumamosi, tarehe 28 Agosti. Kaka ana mmoja tu. Mpaka siku hiyo bustani ya shule itakuwa imelowa vya kutosha.

Baba yako,
Shimba


Mwanza, 4 Julai 1937

Shikamoo baba. Natumai mmeamka salama wote.

Mwalimu Privatus, najua ndiwe unayesoma. Tafadhali soma polepole, usitoe ile sauti ya kanisani.

Baba, nimesilimu. Ni tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nikimsindikiza mwenzangu kwenye chuo cha Kurani cha Maalim Feruzi, nikikaa nyuma ya nguzo nikisikiliza. Hakuna aliyenivuta. Nilipenda tu. Watu wakisimama safu kusali, hakuna anayekutazama usoni, wote mnatazama mbele. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, hiyo ni raha kubwa. Na siku yenyewe nilitamka kwa sauti, baba, mbele ya watu kumi na wawili! Mimi!

Lakini wanafunzi wakubwa wa bwenini wameniambia ndugu zangu sasa ni Waislamu peke yao. Wanasema aliyesilimu huacha jina la baba yake, huitwa bin Abdallah. Wanasema nyumba ya mtu anayetambikia mababu haingii, na chakula chake hali. Sikumuuliza Maalim. Naona haya.

Bustani ya shule ni matuta mawili ya mchicha, yanamwagiliwa na mpishi. Nilikudanganya. Harusini sitakuja. Mwambie Kija mbaya ni mimi, wala asimlaumu mtu mwingine.

Sijui nitie jina gani hapa chini, basi naacha.


Bujora, 10 Agosti 1937

Mwanangu,

Marahaba. Usije ukasema nilinuna. Nilinuna kweli, wiki tatu nzima. Kisha nikapanda lori la Kanubhai, juu ya magunia ya pamba, nikaja Mwanza. Sikuja kwako. Nilikwenda kwa Maalim Feruzi.

Nikamwambia, "Nimekuja kumwona baba mpya wa mwanangu."

"Baba yupi?"

"Abdallah."

Alipoelewa alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Mzee wangu, hata mimi simjui! Huyo kijana wako haulizi kitu. Hukaa nyuma ya nguzo, mimi namwona kofia tu!"

Kisha akaacha kucheka. Akasoma maneno kwa Kiarabu, akanifasiria: Mungu ameagiza watu waitwe kwa majina ya baba zao. Akanisimulia habari za Asma, binti wa sahibu wa Mtume. Mama yake alikuwa bado kwenye dini ya zamani, akaja kumtembelea. Asma akaogopa, kama ninyi wa bwenini. Lakini yeye alikwenda akamuuliza Mtume, mwanangu, hakujibanza nyuma ya nguzo. Akaambiwa: ndiyo, unga undugu na mama yako.

Maalim hakunificha jambo. Alisema mahali pa kutambikia hutasimama nami tena, na nikikulazimisha katika hilo usinitii. Katika mengine yote nipewe heshima yangu. Hilo la kwanza liliniuma na linaniuma hata sasa ninapolisema. Lakini afadhali kuumwa na la kweli. Basi tambiko nitalifanya Alhamisi, wewe uje Jumamosi.

Nikauliza habari ya nyama. Akasema ukichinja wewe mwenyewe kwa jina la Mungu, utakula. Mbuzi mweupe anakungoja. Njoo na kisu.

Mimi Privatus naongeza kidogo: nilitumaini siku moja nitakufundisha mimi, upate ubatizo. Jina nilishakuchagulia. Basi tena. Nyama nitakula.

Baba yako, yule yule,
Shimba


Mwanza, 27 Agosti 1937

Shikamoo baba. Safari hii sikuulizi hali, utanieleza mwenyewe.

Nilikwenda kwa Maalim, nikakaa mbele ya nguzo. Nikamuuliza maswali matano. Kufika la tano akaomba maji ya kunywa. Wakubwa wa bwenini walikuwapo, wakasikia yote, na ghafla kila mmoja akawa anatafuta viatu vyake.

Lakini nina jambo la kukiri. Sijawahi kuchinja, na damu hunitia kizunguzungu. Maalim akanipa jogoo nijifunzie. Nikasema Bismillahi, nikafumba macho, nikalegeza mkono. Jogoo akakimbilia dukani kwa Kanubhai, akapanda juu ya majora ya nguo. Mkewe, Bachubai, ambaye hali nyama maisha yake yote, akasimama mlangoni: "Yeye kuja kwangu, yeye mgeni wangu. Wewe toka!" Jogoo yuko huko mpaka leo, anakula mtama. Wa pili niliweza, macho wazi, ingawa baadaye nilikaa chini kidogo. Kwa yule mbuzi nitajikaza. Nakumbuka alikula daftari langu la Kiingereza.

Barua hii simpi dereva. Kesho nitapanda lori mwenyewe, nimeishika mkononi, na kisu kimefungwa kwenye gunia. Nitampa Mwalimu Privatus akusomee, kwa sababu najua koo litanikauka. Asome kwa sauti yoyote anayotaka, hata ya kanisani. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni pako, nikisubiri amalize.

Akifika hapa, baba, inua macho.

Mwanao,
Idirisa Ngosha bin Shimba