Barua Niliyokusomea Vibaya

Mama,

Nimekalia kiti chako cha dirishani hapa nyumbani Buxton, na hati yangu, ile uliyokuwa ukiwasifia wageni, leo imeharibika kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Wacha iwe hivyo. Nina jambo la kukwambia, na nikingoja mpaka nitulie sitalisema kamwe.

Nilikudanganya. Siku tuliyotoka hospitali na ile barua, mvua za Elnino zilikuwa zimejaza maji barabara nzima, tukajibanza chini ya bati la duka moja, ukanipa karatasi nikusomee. Kiingereza hukukijua. Niliisoma kimya mara mbili. Waliandika kwamba ni saratani ya tumbo, imeshaenea, wala kupasuliwa hakutasaidia. Nikaikunja nikakwambia, "Ni vidonda vya tumbo, Mama. Utapewa dawa, na uache pilipili." Ukacheka. Ukasema dawa utakunywa, lakini pilipili wasikuguse. Nikakurudishia barua yako uitie mkobani. Niliona mkononi mwako haina hatari yoyote.

Baada ya Jumapili chache ukasimama kanisani kutoa ushuhuda. Umekonda, leso imekuzunguka mara mbili, na uso unang'aa. Ukasema, "Nina furaha, ndugu zangu. Haikuletwa na dawa, na dawa zikishindwa haiondoki." Watu wakapiga makofi, ukaanzisha wimbo. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nikitazama viatu vyangu. Nilijiambia: maskini, anayefurahi pale ni uongo wangu. Angejua, angeanguka papo hapo mbele ya watu.

Tangu tukuzike Rabai sijakanyaga kanisani. Kina mama wenzako walikuja kunigongea, wakaimba mlangoni, nikawaambia kupitia dirishani kwamba kichwa kinaniuma. Nadhani wanasema nimemkasirikia Mungu. Ni kweli, nilimkasirikia, lakini zaidi niliogopa. Kazini wamepunguza watu tena, mimi bado nipo, sijui hadi lini. Baba ndiye anayepika chai siku hizi, anaijaza iliki mpaka inawasha koo. Kila asubuhi ananiuliza, "Dama, vidonda vya tumbo huua mtu upesi hivi kweli?" Nami nakoroga chai. Nilitamani sana kuomba, Mama. Ila kila nikipiga magoti nilikuwa nawaza kwamba imani yako, niliyokulia mapajani pake, mwisho wake ilisimama juu ya maneno niliyoyabuni chini ya bati la duka. Kama wewe ulifurahi kwa kutojua, mimi ninayejua nitafurahi kwa lipi?

Juzi nikajikaza, nikampelekea Bi Rukia, mwenzako wa kushona kofia, ile kofia yake uliyoiacha nusu. Nilipanga nimpe mlangoni niondoke. Wapi! Bi Rukia humwachi mlangoni. Akaniketisha ukumbini kwake pale Kibokoni mlipokuwa mkikaa nyote wawili, yeye akichora maua ya kofia na wewe ukiyashona, akaigeuza kofia akaitazama upande wa ndani. Kisha akasema, "Mwenye hofu huuvuta uzi, kofia ikajikunja. Hebu itazame hii, imenyooka mpaka kitundu cha mwisho alichoshona. Mamako alikuwa na roho iliyotua."

Nikapasuka, Mama. Nililia hovyo mbele ya mtu mzima. Nikamwambia ulitulia kwa sababu hukujua, kwamba mimi mwanao nilikusomea barua ya uongo ukafa nayo.

Bi Rukia akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto mkaidi. "Sikiza, mwanangu. Mamako alikuwa yuwajua. Barua ile alisomewa papa hapa."

Jinsi gani nilisahau? Maisha yako yote hukukubali barua isomwe na mtu mmoja. Tangu shemeji yako alipokusomea barua ya shamba akiruka maneno, kila karatasi iliyoingia nyumbani ulimpa mtu wa pili, bila kumwambia wa kwanza alisoma nini. Nimekuona ukifanya hivyo tangu nikiwa mdogo, hata kadi za harusi. Nikadhani mimi, mwanao wa kumzaa, sihesabiwi! Uliniweza, Mama. Yaani hata mimi.

Keshoye tu baada ya siku ile ya mvua ulikwenda Kibokoni na barua, bintiye Bi Rukia akakusomea yote, bila kuruka neno. Bi Rukia anasema ulilia mpaka adhana ya adhuhuri ikaisha. Kisha ukaomba maji, ukanawa uso, ukasema, "Basi. Wacha nikamshukuru Mungu ningali na sauti." Wakataka kunifuata kazini. Ukawakataza. "Dama amenificha kwa kunipenda," ukawaambia. "Ataniambia mwenyewe."

Sikukwambia. Sasa ndipo naelewa kwa nini kila jioni uliniuliza, "Una neno, mwanangu?" Nami nikijibu sina. Ulikuwa ukinifungulia mlango, mimi naufunga. Hilo bado linanichoma, na sijui litaacha lini. Tungelia pamoja, Mama. Tungeomba pamoja tukijua tunaomba nini. Nilikunyima mwenzako wa safari, nikajiona nakulinda.

Lakini nilipotoka Kibokoni kurudi nyumbani, katikati ya watu na mikokoteni, nilisimama ghafla hata mtu akanigonga kwa nyuma. Furaha ile haikuwa yangu. Sikuitengeneza mimi. Uliposimama kanisani ulikuwa unajua kila neno lililoandikwa kwenye barua ile, na bado uso uling'aa kanisa zima. Mungu aliyekupa furaha ile hakupitia kwangu wala hakuhitaji uongo wangu. Nilianza kuomba palepale barabarani, kwa sauti, watu wakinipisha. Nikalia na kucheka. Sijasikia wepesi kama ule tangu uondoke, na machozi hayakuupunguza.

Leo ni Jumamosi. Baba yuko chumbani, nasikia anatafuta miwani. Naogopa. Huenda akanifokea, huenda akanyamaza siku kadhaa, na ana haki. Nakuahidi simwachi alale bila kujua ni ugonjwa gani uliomchukua mkewe, na kwamba ulijua, na kwamba ulishukuru. Kesho nitakwenda kanisani, akikubali twende pamoja, akikataa niende peke yangu.

Lala salama, Mama yangu. Kalamu naiweka chini, namwendea Baba sasa hivi, kabla hajaniuliza tena.

Mwanao,
Dama