Vidudu Vyenye Sugu

Jumapili, 6 Julai 2025

Yustus, nimekuzaa mimi, lakini akili umeiacha uwanja wa ndege. Umeugua ugenini, daktari wa huko Karachi kakupa dawa, homa ikapoa kidogo — ukazitupa zilizobaki?

“Nilishapona, mama.”

Nani kakupa udaktari? Wewe ulikwenda kutafuta wanunuzi wa maharage.

Leo Yustus kakamua ndizi. Nyumba hii ndivyo ilivyo, aliyetoka mbali hukamua omuramba, maji ya ndizi mbivu, kwa mikono yake, na mtoto mdogo huonja kwanza. Katoka chooni moja kwa moja hadi kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi. Nawa, nikamwambia. Akajimwagia maji vidoleni kama padri altareni.

Jovitha, mtoto wa dada yake, alikunywa mpaka kidevu kikang’aa. Majirani nao wakanywa. Moshi wa jikoni ulilala juu ya migomba, watu wakawa wanaongea taratibu, kama wote tumo ndani ya usingizi mmoja. Jioni nzuri. Sikatai.

Jumatatu, 21 Julai

Jovitha anachemka. Kichwa, tumbo, hataki hata uji.

Dafroza wa duka la dawa: “Taifodi hiyo, bibi, siku hizi kila mtu anayo.” Kwake hata mafua ni taifodi. Kanipa vidonge.

Nimeanika kahawa. Nageuza buni, naona uso wa mtoto.

Ijumaa, 25 Julai

Hospitali. Safari hii Dafroza alipatia, ni taifodi kweli. Sindano asubuhi, sindano jioni. Homa palepale.

Mtoto anaongea peke yake. Anasema migomba ya kwetu Nyakakika imeshikana mikono, inashuka kilima kwenda kunywa maji. “Bibi, wapishe.” Nikavuta miguu. Nini kingine ningefanya? Nikachungulia dirishani, vumbi limepanda, jua jekundu, na kwa muda kidogo niliiona kweli — mirefu, imeinama, haina haraka.

Vidole vyake vinachuma shuka kama anachuma kahawa. Sipendi.

Jumatatu, 28 Julai

Daktari ni binti, Edith. Shikamoo yake nzuri. Halafu akasema, sindano hazifanyi kitu, huenda ni sugu.

Nikawaka. Mtoto wangu si sugu, nikamwambia, anatumwa mara moja tu anakwenda. Sugu ni hizi! Nikamkunjulia viganja.

Akavishika. Hakucheka, au alicheka kwa macho. “Ndizo hizohizo, bibi. Jembe lilikupiga mpaka ngozi ikawa ngumu. Na vidudu hivi vimepigwa na dawa mpaka haviumii tena.”

Basi nikaelewa. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Akaendelea: damu imepelekwa Bukoba kupimwa, majibu bado. Lakini kuna nchi ambako taifodi sugu imeenea, watu wanasafiri nayo hata wakijiona wamepona. Akijua ilikotoka, atajua dawa ya kuanza leo. Mtoto hana siku za kusubiri. Je, nyumbani kuna aliyetoka safari?

Mimi, mdomo huu: “Sisi ni watu wasafi.” Akaitwa wodi nyingine. Atarudi sasa hivi.

Nimemtoa Yustus nje. Ananong’ona kwa Kinyambo, kana kwamba ukuta hausikii lugha yetu. Alishapona, aliyepona ataambukizaje? Na wakisikia sokoni Nkwenda kwamba yeye ndiye kaleta, nani atauziana naye?

Nikamuuliza, maharage yako yatakuita mjomba?

Anaangalia viatu. Vya Karachi, vizuri.

Ndani Jovitha anaimba kitu kisicho na maneno. Sauti inakuja kutoka mbali, kama mtu yuko ng’ambo ya bonde na ukungu katikati. Naogopa itakaponyamaza.

Daktari anarudi, namwona mwisho wa korido, koti jeupe linaelea.

Inuka, Yustus. Shika mkono wangu kama unaogopa. Tunaingia, na neno la kwanza kinywani mwako liwe Karachi. La pili, dawa ulizotupa. Kisha panda pikipiki, uende mlango kwa mlango kwa kila aliyekunywa mikononi mwako, uwaambie waje wapimwe. Waambie wewe. Kwa jina lako.