Ahadi Niliyoitunga Mwenyewe

Madeje, mtani wangu,

Najua huwezi kusoma. Hata ulipokuwa hai hukuweza, kwa hiyo hapo hakijaharibika kitu. Nakuandikia kwa kuwa kusema kumenishinda.

Siku ya kukuzika watu walinitazama mimi. Mgogo amelala, Mnyamwezi yupo, utani uko wapi? Nilipaswa kujilaza kaburini nidai ng'ombe ndipo nikupishe. Nikasimama kama nguzo. Wakasema, "Mwacheni, uchungu umemzidi." Haukuwa uchungu peke yake, Madeje. Ilikuwa aibu.

Unakumbuka tulipoanza lile tuta la reli? Mimi mnyapara juu ya jiwe, mwavuli mkononi, kitambi mbele. Nyinyi mnabeba udongo kama mnaosindikiza maiti. Ukanijia: "Mtani, kwetu mwenye shamba akiita watu kulima, jembe la kwanza hushika yeye. Hili shamba la nani?" Nikacheka. Kesho yake nikavua kanzu, nikachimba. Mgongo ulinitukana siku tatu.

Ndipo nikawaambia: tuta likifika korongo la Zuzu kabla ya mvua, kila mtu anakwenda kwao kupanda. Mlivyofanya kazi! Mlikuwa mnaniamsha mimi. Mmoja akiumwa, mwenzake anabeba vikapu vyake bila kuambiwa. Tulifika korongoni mbingu bado nyeupe.

Bwana mhandisi wa Kijerumani akasema, endeleeni. Nanyi mkasema, Mdachi katudanganya.

Hakudanganya. Hakuwahi kuahidi, na mimi sikuwahi kumwuliza. Maneno yale niliyatunga mwenyewe, nikaona yanasukuma kazi kuliko kiboko, nikayaacha yasukume. Uliponiuliza, nilikunja uso, nikasema, "Wazungu ndivyo walivyo." Ukanipa pole. Wewe, unanipa pole mimi! Mvua zikaanza, homa ikakuchukua, shamba lako halijaguswa.

Sasa kikosi kinafanya kazi ya macho: nikitazama wanachimba, nikigeuka wanaegemea majembe. Siwalaumu. Jana nimewaambia ukweli wote. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja alitema mate pembeni, akaendelea kuchimba. Afadhali angetukana.

Leo nimekwenda kwa Bwana, nikaomba watu wakapande. Akauliza, siku ngapi? Nikasema kumi. Akatazama mawingu, akasema, haya, waende.

Basi, Madeje. Lilikuwa swali moja tu. Ningeuliza siku ile, ungekuwa umepanda. Ungekuwa umefia kwako.

Amebaki mkeo. Msibani alinishika mkono, akasema, "Shemeji, wewe ndiye uliyetupigania." Nikaupokea ule mkono pamoja na shukrani zake.

Kesho nakwenda kwake. Akikubali nimlimie, siku zangu hizo kumi ni za shamba lako. Akinikataa, watalipanda wenzako, nami nitakaa mbali kadiri atakavyotaka.

Lala, mtani. Nitamwambia ukweli nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajanikaribisha uji.

Wako,
Kasanda